Safu ya nne: mpango mkakati wa maji uliozama mwaloni, na ule uliofuata

Kisa hiki kilitokea katika kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Victoria, mkoani Mwanza, kati ya 2018 na 2022. Jina la kijiji, la mfadhili na la kila aliyehusika nimeyaondoa. Namba za mauzo na mishahara nimezizungusha bila kuharibu uwiano wake. Mimi nilikuwa mwezeshaji wa mpango mkakati wa mradi wa maji ya bomba wa kijiji hicho, kwa hiyo makosa mengi yaliyomo humu yana sahihi yangu chini yake.

Kijiji na maji yake

Kijiji kina sehemu tatu, na asiyezitofautisha hataelewa kilichofuata. Chini kabisa ni mwaloni: kambi 14 za wavuvi wa dagaa, vichanja vya kuanikia, mama ntilie, mafundi wa injini. Katikati pana barabara, maduka, shule na zahanati. Juu, kati ya yale mawe makubwa ambayo kila aliyefika Mwanza anayajua, wanakaa wakulima wa mihogo, viazi vitamu, mahindi na pamba kidogo. Jumla yao ni watu wapatao 2,200, ukiacha wavuvi wanaokuja na kuondoka.

Kabla ya mradi, maji yalitoka ziwani moja kwa moja, kwa ndoo kichwani au kwa madumu ya baiskeli. Waliopanda nayo mlimani walilipa sh. 200 kwa ndoo siku za kiangazi. Kichocho kilikuwa cha kawaida kiasi kwamba watoto walikitaja bila aibu, na upande wa matete watu waliogopa mamba.

Jambo ambalo lingepaswa kutangulia kwenye kila karatasi yetu ni jinsi fedha inavyotembea hapa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta pale tu anga linapokuwa na giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo mwaloni watu hawahesabu kwa Januari na Februari, wanahesabu kwa giza. Giza likiisha, tajiri wa mitumbwi anapiga mahesabu na vijana wake, na hapo ndipo noti zinaonekana dukani. Siku za mbalamwezi vijana wengi wanarudi kwao, na waliobaki wanakula kwa mkopo.

Mlimani saa ni nyingine kabisa. Fedha inakuja na msimu wa pamba, ambao kwa kawaida hufunguliwa Mei, na maji ya bure yanakuja na vuli kuanzia Oktoba na masika kuanzia Machi. Mwenye bati anakinga, asiye na bati anachota kwenye dimbwi. Nani atanunua ndoo wakati mvua inamwaga maji mlangoni?

Warsha ya siku tatu

Mfadhili alitaka mpango mkakati wa miaka mitano wenye bangokitita, lile jedwali la kupangia miradi. Zana hiyo ilibuniwa 1969 kwa ajili ya USAID, shirika la misaada la Marekani. Wajerumani wakaikuza miaka ya 1980, na tangu hapo imekuwa kama sare ya shule: huingii darasani bila kuivaa. Ina safu nne. Ya kwanza ni malengo na kazi. Ya pili ni viashiria. Ya tatu ni ushahidi wa viashiria. Ya nne ni mategemeo, yaani yale ambayo lazima yawe kweli ili mpango usimame, ingawa hayamo mikononi mwa mradi.

Tulifuata utaratibu wote. Walikuwepo wenyeviti wa vitongoji, mtendaji wa kijiji, afisa maendeleo ya jamii, walimu, viongozi wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni), na wanawake walikuwa karibu nusu ya ukumbi. Tulichambua uwezo, udhaifu, fursa na vikwazo kwa makundi, jambo ambalo wengi walilizoea kutokana na ule utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo ambao halmashauri zetu zimeutumia miaka mingi.

Nilipouliza, "Dira yenu ni nini?", mama mmoja akajibu kwamba wangependa iwekwe kwenye kila kilula (kituo cha kuchotea maji ya bomba), ili muuza maji asiwaibie. Ukumbi ukacheka, nami nikacheka, nikaeleza kwamba sikuwa nazungumzia dira ya kupimia maji. Leo naona yule mama alikuwa amejibu swali la maana kuliko langu. Dira za vilula hazikuwa kwenye bajeti ya awali. Zilikuja miaka miwili baadaye, baada ya wizi aliousema.

Safu ya nne tuliifikia siku ya tatu, saa kumi na moja jioni, watu wakisubiri posho. Tulijaza mistari mitatu kwa dakika kama kumi: hali ya hewa itakuwa nzuri, wananchi wataendelea kuchangia, bei ya mafuta haitapanda sana. Ziwa halikutajwa, wala mwezi.

Na si kwamba hakuna aliyesema. Wakati wa kutembelea eneo la chanzo, mzee mmoja wa zaidi ya miaka themanini alitupeleka kwenye mwamba ulio juu kidogo ya mwalo, akaweka mkono kwenye mstari mweupe uliofifia. "Wanangu, maji yalifika hapa mimi nikiwa kijana, mwaka ule wa Uhuru na iliyofuata." Alikuwa sahihi. Mvua zilizoanza mwishoni mwa 1961 zililipandisha ziwa zaidi ya mita mbili, na kilele chake kilikuwa 1964. Maneno yake niliyaandika. Nenda kwenye ripoti ya warsha utayakuta ukurasa wa 37, chini ya kichwa "Mengineyo".

Maamuzi ya 2018 na sababu zake

Maamuzi matatu ndiyo yaliyobeba yote yaliyofuata.

La kwanza lilihusu mahali pa kujenga kibanda cha mashine. Tulichagua pampu ya dizeli ya kukaa juu ya ardhi, kwa sababu umeme haukuwa umefika na fundi wa kijiji aliijua injini ya namna hiyo. Pampu kama hiyo hainyonyi maji kwa uhakika ikiwa imekaa mita zaidi ya sita au saba juu ya usawa wa maji. Wilayani, kumbukumbu iliyokuwa hai ilikuwa ya 2006, ziwa liliposhuka hadi mabomba ya kuvutia maji kwenye mialo mingi yakabaki yakining'inia hewani. Kwa hiyo mhandisi wetu alifanya kilichoonekana kuwa uangalifu: bomba la kunyonya likapelekwa mbali ziwani, na kibanda kikashushwa chini kabisa, mita kama kumi na tano kutoka ukingoni. Tulijikinga na 2006, tukaipa mgongo 1964.

Hapo kuna jambo dogo la pembeni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na majadiliano ya jinsi kibanda cha maji kinavyoingia kwenye zuio hilo yalikula wiki kadhaa. Hakuna aliyeuliza mita hizo zinaanzia wapi, wakati ukingo wenyewe unatembea.

La pili lilikuwa ukubwa wa soko. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400, kilula kimoja kwa watu 250. Kwa watu 2,200 tukapata vilula 9 na mahitaji ya lita 55,000, yaani ndoo 2,750 za lita 20. Tukajiona waangalifu, tukakisia kwamba zitauzwa asilimia 60 tu: ndoo 1,650 kila siku, Januari hadi Desemba, mstari ulionyooka kama uzi wa fundi.

La tatu ni bei: sh. 50 kwa ndoo, kwa wote, wakati wote. Mkutano mkuu wa kijiji uliipitisha kwa kunyoosha mikono. Katika kila 50, muuza maji wa kilula alibaki na 10, dizeli ilikula karibu 20, na 20 ilibaki kwa mishahara na matengenezo. Fundi na mlinzi walilipwa jumla ya sh. 250,000 kwa mwezi, takriban 8,300 kwa siku. Ina maana ndoo 415 za mwanzo kila siku zilikuwa za mishahara tu.

Mwaka wa kwanza wa maji

Maji yalifunguliwa Machi 2019, na mkosi ukaanzia kwenye tarehe hiyo: masika ilikuwa imeanza. Baadhi ya siku ziliuzwa ndoo 300. Tulisema ni ugeni, watu watazoea.

Kiangazi kilipofika, siku za giza, mauzo yalipanda hadi ndoo 1,400. Mbalamwezi ikarudi, yakashuka hadi 500. Fundi wetu, kijana mwerevu aliyekuwa na daftari la mauzo ya kila siku, alinionyesha mawimbi hayo Agosti. Nilimwambia tusubiri takwimu za mwaka mzima. Hilo nalo ni langu.

Kuna hesabu ambayo ilinichukua muda kuielewa. Kwa mwaka, mradi haukuwa na hasara. Siku nzuri ya ndoo 1,400 ilizalisha 28,000 baada ya dizeli na muuzaji, ukitoa mishahara inabaki karibu 20,000. Siku mbaya ya ndoo 300 ilizalisha 6,000 na kuacha pengo la 2,300. Siku moja nzuri ilitosha kuziba siku nane mbaya. Lakini dizeli hainunuliwi kwa wastani wa mwaka. Inanunuliwa kwa noti iliyopo mkononi leo, mjini, na nauli ya bodaboda juu yake.

Na noti hazikuwepo. Ziada ya siku za giza ilikaa kwenye sanduku kwa mweka hazina, na sanduku lenye fedha kijijini lina ndugu wengi. Lilikopesha msiba mmoja, likachangia ujenzi wa choo cha shule, likampa fundi malipo ya kabla. Kila mkopo ulikuwa na muhtasari uliosainiwa, na kila mmoja ulikuwa wa haki kwa macho ya aliyeutoa. Nisingethubutu kumwambia mweka hazina asikopeshe msiba. Ila mbalamwezi ilipofika, injini ilizimika kwa siku nane au tisa katika mwezi, na waliokosa maji zaidi walikuwa wakulima wa mlimani, ambao walikuwa wakilipa bila kukosa.

Mwaka huohuo Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 ilianza kazi, RUWASA, wakala wa maji vijijini, ikaundwa, na jumuiya yetu ya watumia maji ikaingia kwenye safari ya kuwa chombo cha watoa huduma ngazi ya jamii, kile ambacho wote wanakiita CBWSO. Mpango mkakati wetu ulikuwa na umri wa mwaka mmoja, na tayari sura nzima ya uongozi ilikuwa imepitwa na wakati.

Jaribio la shilingi mia

Oktoba 2019 kamati, kwa ushauri wangu, ilipandisha bei. Tungependa iwe 70, lakini nani ana sarafu ya kumi au ya ishirini mfukoni? Kwa chenji ya kijijini bei ya ndoo huruka kutoka 50 hadi 100, hakuna ngazi ya katikati. Basi ikawa 100.

Mauzo yalishuka kutoka wastani wa ndoo 1,000 hadi 380. Sasa angalia kinachofanywa na bangokitita likiachwa peke yake. Kwa ndoo 1,000 za sh. 50 tulikuwa tunabaki na 20,000 kwa siku. Kwa ndoo 380 za sh. 100, muuzaji akipata 10 yake ileile na dizeli 20, tulibaki na 26,600. Kiashiria cha "uendelevu wa kifedha" kiling'aa. Ripoti ya robo mwaka niliyoandika ilisema hali imeimarika, na mfadhili akatupongeza kwa barua.

Wakati huohuo njia ya ziwani, iliyokuwa imeanza kuota majani, ilisafishwa tena kwa miguu. Mweka hazina, mwanamke mwenye biashara ndogo ya dagaa mwaloni, alisimama kwenye mkutano wa wiki ya tano akaniuliza mbele ya wote: "Mtaalamu, mradi huu ni wa kupata maji au wa kupata hela? Maana hela tumepata." Bei ilirudi 50 siku hiyohiyo. Nilikuwa na chati mkononi, nikaikunja.

Ziwa lilipopanda

Mvua za Oktoba 2019 zilianza na hazikujua kukoma. Zikaunganika na za masika, na Mei 2020 ziwa lilivuka rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1964. Mwalo ulikimbia kupanda juu. Kambi zikahamishwa, vichanja vikazama, vilula viwili vikawa ndani ya maji, na wavuvi wakawa wanafunga mitumbwi kwenye nguzo zake. Kibanda cha mashine kiliingiwa na maji Aprili, usiku. Fundi na mlinzi waliokoa injini kwa kuifungua bolti na kuibeba kwa mti mabegani, lakini pampu yenyewe iliharibika.

Maji yalisimama karibu sambamba na mstari aliotuonyesha mzee. Wiki kumi na moja kijiji hakikuwa na maji ya bomba.

Mhandisi wetu alisema, na bado anasema, kwamba tukio la nusu karne huwezi kulijengea kijiji maskini. Nakubaliana naye nusu. Huwezi kujenga ukuta, ni kweli. Lakini kibanda kingeweza kuwa juu na pampu ikawa chini, kama tungeuliza swali hilo 2018.

Mchana mmoja chini ya mwembe

Juni 2020 tulikaa tena, watu ishirini na watatu, bila projekta, bila posho. Fedha zilizokuwa zimebaki kwa mfadhili zilikuwa za "warsha ya tathmini ya muhula wa kati", na tulimwandikia kuomba zinunue pampu. Alikubali baada ya barua tatu.

Tulifanya mambo mawili tofauti na mara ya kwanza. Kwanza, badala ya kuanza na dira, tulichora duara mchangani. Mweka hazina akaligawa kwa magiza kumi na mbili, mkulima mmoja akaweka punje za mahindi kwenye miezi ya mvua, fundi akaweka vijiti kulingana na daftari lake. Ndani ya saa moja palikuwa na picha ambayo kurasa zangu arobaini hazikuwa nayo: wiki ambazo mwalo hauna fedha, wiki ambazo mlima hauhitaji maji, na wiki nne au tano za mwaka ambapo mambo yote mawili yanakutana. Hizo ndizo wiki mbaya zaidi za kuzimika.

Pili, bangokitita tulilisoma kutoka kulia. Tukaanza na safu ya nne. Swali halikuwa tena "Mnataka nini?" bali "Ni kitu gani kikibadilika, maji yatakatika au mtaacha kuyanunua?" Majibu yalikuja haraka kuliko nilivyoweza kuandika. Kila jibu tuliliwekea mambo matatu: alama ya kuonekana kwa macho, mtu wa kuiangalia, na hatua itakayochukuliwa alama ikifikiwa, bila kusubiri kikao.

Kwa ziwa, alama ilikuwa mistari ya rangi kwenye mwamba wa mzee. Njano ikifikiwa, fundi anahamisha vifaa na kamati inaarifiwa baadaye. Pampu mpya ni ya kuzama majini, imeteremshwa ndani ya bomba lililolala kwenye mteremko wa mwamba, na swichi zake ziko juu ya mstari wa 1964. Ziwa likishuka, pampu inasogezwa chini kwa kamba. Likipanda, haijali.

Kwa fedha, bahati ilitukuta njiani: nguzo za umeme zilifika kijijini mwezi uleule. Gharama ya kupandisha ndoo moja ilishuka kutoka karibu sh. 20 za dizeli hadi chini ya 6. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni pendekezo la mweka hazina kuhusu LUKU, umeme wa kulipia kabla. Alisema kila giza linapoisha, ziada inunue umeme wa mbele na kuuacha ndani ya mita. "Uniti haziwezi kukopwa na mtu." Sanduku likabaki jepesi, na hakuna aliyelazimika kumnyima jirani yake fedha ya msiba. Walikuja kuiita akiba ya giza.

Kwa kambi, tuliacha kuuza ndoo moja moja. Kila kambi inalipa sh. 15,000 siku ya mahesabu, kwa matumizi ya kilula cha mwaloni kwa giza lililopita. Kambi 14 zinaleta 210,000, karibu mishahara yote ya mwezi, na inaingia siku ambayo fedha ipo. Anayekusanya ni BMU, ambao tayari wanasimama pale wakati wa mahesabu.

Mlimani tulijaribu kitu kinachofanana: maji kwa daftari, malipo baada ya pamba.

Hali ilivyokuwa mwishoni mwa 2022

Siku za kukosa maji zilishuka kutoka nane au tisa kwa mwezi hadi moja au mbili, mara nyingi kwa sababu ya umeme kukatika. Bei ilibaki 50. Wastani wa mauzo ulifika ndoo kama 1,100, bila kuhesabu kilula cha kambi. Mpango mpya una kurasa nne, na ukurasa wa mistari ya rangi umebandikwa kibandani.

Daftari la mlimani lilishindwa vibaya. Pamba ya msimu wa kwanza ililipwa kwa kuchelewa, deni likazeeka, na mwenyekiti wa kitongoji akaona aibu kudai watu aliokuwa akiwaomba kura. Tulilifuta baada ya msimu mmoja na kusamehe nusu.

Na ubora wa maji ni doa ambalo sitalifunika. Chujio letu la mchanga linaziba kila mwani unapochanua ziwani, kwa sababu kuosha mchanga ni kazi ya watu wanne kwa siku mbili, na kazi hiyo haikuwa na fedha wala mwenyewe. Klorini iliwekwa pale mtu alipokumbuka. "Maji safi na salama" yalikuwa kwenye lengo kuu la mipango yote miwili, ule wa kurasa arobaini na huu wa nne.

Uchambuzi

Maelezo ya kawaida ya kisa kama hiki ni kwamba wananchi hawakushirikishwa. Si kweli. Walishirikishwa, picha zipo, mahudhurio yapo. Walichoshirikishwa ndicho kilichokuwa na kasoro. Tuliwaomba watuambie matamanio yao, jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulikisia akiwa ofisini. Hatukuwauliza kuhusu tabia ya fedha, ya mvua na ya ziwa, mambo ambayo wao peke yao waliyajua. Mzee alitoa taarifa ya thamani kuliko upimaji wote tulioulipia, lakini haikuwa na kisanduku cha kuingia. Zana ilikuwa na kisanduku hicho, safu ya nne, ila tulikuwa tumezoea kukijaza mwishoni, kama anayejaza "N.K." mwisho wa orodha.

Kosa la pili ni la kizio cha muda. Mfadhili anawaza kwa robo mwaka, halmashauri kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai, mwalo kwa giza, mlima kwa msimu. Mpango wa kwanza ulitumia kizio cha mfadhili kwa kila kitu, pamoja na kununua dizeli. Ripoti bado tunaandika kwa robo mwaka, na hilo halina tatizo. Tatizo lilikuwa kuendesha injini kwa kalenda ya ripoti.

Jaribio la shilingi mia ndilo ninalolirudia zaidi nikifundisha, kwa sababu hapo kila kiashiria kilikuwa kizuri na mradi ulikuwa umekufa. Kiashiria cha fedha kilipaswa kufungwa kamba na kiashiria cha ndoo, kimoja kisisomwe bila kingine. Siku hizi karatasi ya kila wiki ina mistari hiyo miwili tu, mmoja juu ya mwingine.

Lazima niseme pia ni kipi tusijisifie. Umeme peke yake ungeondoa sehemu kubwa ya siku za ukame wa dizeli, hata kama tungeendelea na mpango wa zamani. Siwezi kutenganisha kwa uhakika mchango wa LUKU na mchango wa duara la mchangani. Ninachoweza kuonyesha ni daftari: mbalamwezi ya Aprili 2021, katikati ya masika, mauzo yalikuwa chini ya ndoo 300 kwa siku kumi mfululizo, na pampu haikuzimika. Uniti zilikuwemo.

Kwa nini akiba ya giza ilidumu na daftari la mlimani likafa siku za mwanzo? Nadhani kwa sababu ya kwanza ilikaa juu ya desturi iliyokuwepo. Mahesabu ya giza yalikuwa yakifanyika kabla hatujazaliwa, sisi tuliongeza mstari mmoja. Daftari la pamba lilikuwa desturi tuliyoitunga chini ya mwembe, likamtwika mtu mmoja kazi ya kudai majirani zake.

Hatari ya kisa hiki ni mtu kuchukua mwezi na kuupeleka kijiji kisichovua dagaa. Tayari swali limetufikia wenyewe. Katika kuunganisha vyombo vidogo vya maji, kijiji chetu kimewekwa pamoja na viwili vya jirani vinavyolima mpunga, ambako fedha huja mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno. Akaunti itakuwa moja, fundi mkuu mmoja, mita za LUKU tatu. Mweka hazina wetu anataka akiba ya giza ibaki kwenye mita ya mwaloni. Wenzake wa mpunga wanaona ni fedha ya wote. Kikao cha kwanza kilivunjika bila muafaka, na cha pili kimepangwa, kwa ombi lake, siku za mbalamwezi, ili watu wa mwaloni wapate kuhudhuria.